Ukurasa Usio na Pini

Tarehe 9 Januari

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kwenye kiti chenye mgongo, si umejikunja juu ya cherehani. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, na mwenye nyumba amekubali hatimaye kubadilisha kitasa. Kaka ameniambia karakana yake imepata kazi ya kuchomelea mageti ya shule, nimefurahi sana. Hapa maabara wiki nzima nimeshinda nafuta vioo vidogo kwa pamba na kubana pumzi.

Sasa jambo lenyewe. Yule mhariri wa gazeti amekubali! Kila mwezi nitapewa nusu ukurasa kueleza fizikia ya vitu vidogo kabisa kwa watu ambao hawajawahi kuisoma. Kaniambia, "Andika mpaka fundi nguo aelewe." Nikamjibu kwamba fundi nguo ninaye, tena mkali kama pilipili. Kwa hiyo tufanye kama ulivyokuwa unafanya na insha zangu za shule. Nakutumia ukurasa, na kila sentensi usiyoielewa unaichoma pini, kisha unanirudishia na pini zake. Simu najua huitaki tangu kile kiwanda cha magunia kilipokula masikio yako, basi tutumie posta.

Ukurasa wa kwanza ni huu kwa kifupi. Kuna chembe inaitwa elektroni, ndiyo hiyo inayobeba umeme kwenye waya. Chukua ukuta wenye nyufa mbili nyembamba zilizokaribiana. Nyuma yake weka ukuta mwingine unaoonyesha alama pale elektroni inapogonga. Rusha elektroni moja, subiri igonge, ndipo urushe nyingine. Kila moja itaacha kidoa kimoja tu. Lakini zikifika maelfu, vidoa havijipangi kwenye mistari miwili nyuma ya nyufa mbili. Vinajipanga michirizi mingi, penye vidoa na pasipo na vidoa, vile mawimbi mawili ya maji yanavyofanya yakikutana. Ni kana kwamba kila elektroni, ikiwa peke yake njiani, ilipitia nyufa zote mbili.

Nasubiri pini zako.

Binti yako wa maabara


Tarehe 2 Februari

Bi Chembe mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa wiki mbili, mtu wa posta anasema ilikuwa chini ya mfuko wa magazeti. Sisi huku ni wazima, mashaka yetu ni juu yako unayeishi kwa mkate na chai. Kaka yako kajichoma kidole, kidonda hata hakionekani, lakini analia utafikiri kakatwa mguu. Nimeletewa sare za shule mia na ishirini, zote za mikono mirefu.

Ukurasa wako una pini kumi na moja, usinune. Ya kwanza: kama imeacha kidoa kimoja, imepitaje kuwili? Uzi wangu ukipita kwenye tundu la sindano hii, haukupita kwenye ile. Ya pili: kwa nini msikae pale kwenye nyufa mkachungulia inapita wapi? Au mkisoma sana mnasahau kuchungulia? Hizo tisa nyingine ni maneno yako marefu, yakate.

Mwandiko umelala kwa sababu mkono wa kulia unanisumbua kidogo upande wa kwapani. Ni mkasi tu, mwezi huu nimekata vitambaa vingi.

Mimi mama yako mdogo


Tarehe 21 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya vyumba vya maabara imeingia mpaka kwenye mifupa. Mhariri amecheka pini zako mpaka machozi. Pumzisha mkono huo, wanafunzi watasubiri sare.

Swali lako la kuchungulia ndilo ukurasa wa pili mzima. Tulichungulia, mama. Weka pale kwenye nyufa kifaa cha kuonyesha elektroni imepita wapi, na kitaonyesha: hii kushoto, ile kulia, haikosei. Lakini hapo hapo ile michirizi inatoweka! Unabaki na marundo mawili ya vidoa, kama ungerusha punje za mchanga. Ondoa kifaa, michirizi inarudi. Si kwamba elektroni ilikuwa imeamua njia yake ikatuficha. Ilikuwa haijaamua. Nimeandika hivi, nadhani itawaingia wasomaji: "Mpaka mtu aitazame, ni vyote viwili. Kutazama ndiko kunakoamua."

Nichomee pini bila huruma.

Binti yako


Tarehe 28 Machi

Bi Chembe,

Marahaba mwanangu. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale. Kaka yako kamaliza mageti. Sare nimezitoa kwa fundi mwenzangu azimalizie mikono.

Ukurasa wako nakurudishia, hauna pini hata moja. Nimeusoma mara nne, na nimeuelewa wote.

Nina swali dogo tu. Tuseme mtu kapewa bahasha iliyobandikwa gundi. Ndani kuna karatasi, ama inasema ndiyo ama inasema hapana. Huyo mtu asipoifungua, ndani bado hakujaamuliwa kitu, sivyo? Na ikikaa droo mwaka mzima, ni mwaka mzima wa vyote viwili?

Nijibu upesi.

Mama yako mdogo


Tarehe 10 Aprili

Mama mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Ukurasa bila pini! Nimeubandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi. Tangu darasa la tatu hujawahi kunirudishia kazi iliyo safi.

Na huo mfano wa bahasha umewapita wanafunzi wangu wote. Nauchukua, nitautia gazetini. Jibu ni naam, ndivyo. Mpaka ifunguliwe, ni ndiyo na hapana kwa pamoja.

Wiki ijayo tunapelekwa mji mwingine kujifunza mashine mpya, nitakaa huko mpaka Juni. Ukiandika, barua zitanisubiri chini ya mlango. Hukuniambia hali yako safari hii, nadhani ulisahau.

Binti yako mwenye haraka


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Jibu lako limenipa usingizi wa wiki tatu, asante.

Leo nimemkumbuka sana dada yangu, marehemu mama yako. Yeye alikuwa mtu wa pupa. Bahasha yake aliichana pale pale kwenye ngazi za hospitali, mimi nimemshikia mkoba. Kabla hajaichana alikuwa anacheka, ananiambia viatu vyangu vimechakaa. Alipoichana ndipo akawa mgonjwa. Nimewaza miaka kumi na tisa: je, asingeichana?

Basi nimefurahi kujua kwamba hata wasomi mnasema hivyo hivyo.

Mama yako mdogo


Tarehe 12 Juni

Mama mdogo,

Nimerudi leo asubuhi nikakuta barua yako chini ya mlango, ina vumbi la wiki tano. Nimeisoma nimesimama, begi bado begani. Nimempigia simu kaka, nikamtuma kwako. Usimgombeze kwa kufungua droo ya cherehani, nilimlazimisha mimi. Kaniambia ipo: bahasha ya hospitali, imefungwa, muhuri wa tarehe 11 Februari, imeandikwa umpelekee daktari wako. Kaniambia walikukata kipande cha nyama cha kupima kwapani mwezi wa kwanza na hukumwambia mtu.

Miezi minne, mama! Na mimi ndiye niliyekwambia naam.

Nisikilize sasa, na ukitaka chomeka pini kila neno. Niliandika uongo. Niliandika "mpaka mtu aitazame" kwa sababu inapendeza gazetini. Elektroni haijali macho ya mtu. Kinachoifanya iamue ni kuguswa na kitu chochote kinachobaki na alama yake: mwanga kidogo, joto, chembe moja ya hewa. Hapa kazini tunanyonya hewa yote kwenye chombo, tunakipoza kuliko barafu, ndipo tunapata ule utata wa vyote viwili, na hata hivyo unadumu kufumba na kufumbua. Chembe moja ya hewa ikipenya, umekwisha. Hakuna aliyetazama.

Mwilini mwako kuna damu ya moto na chembe zisizohesabika zinazogongana kila wakati. Huko hakuna kilichosubiri macho yako. Na ile karatasi iliamuliwa siku walipoipiga chapa. Wino umekauka tangu Februari. Elektroni ambazo hazijaamua zinaacha michirizi, ndivyo tunavyojua kweli hazijaamua. Bahasha yako haiachi michirizi yoyote. Kutojua kuko kichwani mwako, mama, hakuko ndani ya bahasha. Na mama yangu hakuanza kuumwa kwenye ngazi. Alikuwa anacheka akiwa tayari mgonjwa.

Kitu pekee kinachobadilika droo ikiwa imefungwa ni kwamba ugonjwa, kama upo, unapata muda. Ulinifundisha mwenyewe: mficha maradhi kifo humuumbua. Ifungue. Nakuomba kwa magoti. Naogopa, tazama mwandiko wangu.

Nije?

Mwanao


Tarehe 25 Juni

Mwanangu,

Usije. Ukija nitajua kwamba mambo ni makubwa, nami nataka yawe madogo kwa siku chache.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Nikasema huyu mtoto kanipa dawa kwa mkono wa kulia, kaninyang'anya kwa wa kushoto. Siku ya tatu nikachukua kile kichuma changu cha kufumulia mishono, nikaifumua bahasha taratibu pembeni, kama mtu anayetaka kuirudishia baadaye. Nilisoma neno moja tu. Ni lile lile la mama yako. Nilikaa sakafuni, kitambaa cha mteja mapajani, nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani mwangu. Kaka yako alikaa nami. Hakulia, maskini, yule anayelilia kidole.

Daktari kasoma yote. Kasema, "Mama, umechelewa miezi minne, lakini hujachelewa kabisa." Nimemwomba arudie kwa sauti, nikasikia vizuri. Watanipasua tarehe mosi Julai, na kidonda kikipona nitaanza mionzi. Nikamuuliza, nitapona? Akasema, kati ya wagonjwa kumi kama wewe, saba tunakuwa nao baada ya miaka mitano. Basi wewe mwenye hesabu niambie: mimi ni yupi? Niko kwenye saba au kwenye watatu?

Halafu kauliza nani mwingine kwenye ukoo. Nikasema dada yangu. Akauliza, aliacha binti? Nikatamani nimdanganye. Nikasema anaye.

Nenda ukapimwe.

Mama yako mdogo


Tarehe 14 Julai

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo na pole, pole mno. Kaka kaniambia ulitoka chumba cha upasuaji ukiuliza nani kakuvalisha gauni lenye mshono mbaya namna ile, nikajua bado upo. Mimi mzima. Mhariri nimemlazimisha achapishe masahihisho. Hakupenda, kasema wasomaji watachanganyikiwa. Nikamwambia mmoja tayari.

Umeuliza wewe ni yupi. Sitakudanganya tena. Ile mashine ya mionzi ya hospitali yenu ina kipande cha madini yanayoitwa kobalti. Atomu zake hazijatulia, zinavunjika moja moja na kutoa miali, ndiyo hiyo watakayokuelekezea. Ukichukua lundo lake, baada ya miaka mitano na miezi michache nusu itakuwa imevunjika. Lundo kubwa, lundo dogo, ni nusu. Kuhusu lundo hatubahatishi. Lakini shika atomu moja, uniulize hii itavunjika lini. Sijui. Hakuna ajuaye, na si kwa kukosa vifaa. Kwa kadiri tunavyoelewa, hakuna chochote ndani yake kinachoonyesha siku. Moja huvunjika sasa hivi, jirani yake hukaa miaka mia, na zilikuwa sawa kwa kila kitu. Jambo hili liliwatisha hata wakubwa wa fani yetu, nami linanitisha hadi leo.

Kwa hiyo daktari anajua habari za kumi, hajui habari zako. Ila kuna tofauti moja. Atomu haina la kufanya. Haiwezi kuwahi hospitali, haiwezi kula ikashiba, haiwezi kulala mapema. Wewe unaweza, na kila ukifanya hivyo unajisogeza upande wa saba. Usikose hata siku moja ya mionzi.

Natamani nikueleze pia jinsi miali hiyo inavyopenya ngozi, lakini karatasi imejaa.

Mwanao


Tarehe 5 Agosti

Bi Chembe,

Marahaba. Kidonda kinakauka. Jumatatu naanza mionzi. Watanilaza chini ya lile dude na kutoka wote mbio, waniache peke yangu, halafu wananiambia nisiogope. Wangebaki basi.

Barua yako ni nzuri, ina kurasa tatu. Nimeitafuta humo sentensi moja fupi, "nimepimwa," sikuiona. Nikageuza nyuma ya karatasi, sikuiona. Umenieleza atomu, umenieleza kobalti, umenieleza lundo. Karatasi haikujaa, mwanangu, pale chini pana nafasi ya vidole vinne. Nimezoea kupima kwa macho.

Mganga hajigangi, lakini wewe umezidi. Ulinipigia magoti kwa karatasi nikafumua bahasha yangu. Mimi magoti yangu hayakunjiki, nakuuliza tu: una nini?

Mama yako mdogo


Tarehe 27 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara sita.

Kipo. Ni kivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo, kigumu kama punje ya harage kavu. Nilikigusa siku ya nne ya Aprili nikioga.

Hesabu tarehe, mama. Barua yako ya bahasha ilinifikia siku tano baadaye. Ulipouliza kama isiyofunguliwa ni vyote viwili, nilijua jibu. Kila mtu wa fani yangu anajua. Na nikaandika naam, kwa haraka, kwa furaha, kwa sababu na mimi nilitaka iwe kweli. Sikukosea kwa ajili ya gazeti. Nilikudanganya kwa sababu nilikuwa najidanganya, na uongo wangu umekula miwili kati ya miezi yako minne. Hilo ndilo lilikuwa linanifunga mkono kila nikiandika. Sijui utanisamehe vipi. Mimi sijajisamehe.

Nimepita mbele ya zahanati mara tatu nikajifanya natafuta duka la vitabu. Baada ya barua yako ya mwisho niliingia. Wamechukua kipande cha kupima. Majibu ni tarehe 11 Septemba, saa nne asubuhi. Najua kwamba mpaka siku hiyo yatakuwa yameshaandikwa, najua yote niliyokueleza, na hayanisaidii kitu. Naogopa. Naona ngazi zile kila nikifumba macho, ingawa nilikuwa shuleni siku ile.

Usije. Uko katikati ya mionzi. Nitakwenda mwenyewe.

Mwanao


Tarehe 11 Septemba

Mwanangu,

Mlinzi wa geti lenu hapa maabara hataki kunipandisha juu, anasema wageni wanajaza karatasi, naye anaipandisha. Basi naijaza. Pale kwenye jina nimeandika Mama. Yeye anataka jina kamili, mwambie ni hilo hilo.

Nimefika na basi la alfajiri. Daktari kanipa siku mbili na kanifokea sana, nikamwambia masikio yangu hayasikii vizuri. Kaka yako yuko upande wa pili wa barabara, anatafuta mahali pa kuegemeza baiskeli aliyoazima kituo cha basi, hana hata haja nayo, ana wasiwasi tu.

Kuhusu miezi yangu minne: nilikuwa na miguu, nilikuwa na daktari, nilikuwa na umri wa kujua. Nilikuuliza kwa sababu nilijua utanijibu ninachotaka. Tulikuwa wawili kwenye uongo ule, usibebe peke yako.

Sijakuletea maneno ya kukutoa hofu. Sinayo, na mimi mwenyewe nimekaa kwenye kiti alichonipa mlinzi. Naogopa leo kuliko nilivyoogopa kwa ajili yangu. Huenda tutaambiwa vizuri, huenda tutaambiwa vibaya. Nimevaa viatu vya kutembea.

Saa tatu na nusu sasa. Shuka twende.